Aya ya Pili ya Mji wa Roki Ailandi

Mwalimu Isaka alikuwa ameinama juu ya stensili ya gazeti la darasa tangu jua halijachomoza vizuri, kalamu ya chuma mkononi, ncha ya ulimi nje. Kazi ya stensili haitaki papara. Ukikandamiza, karatasi ya nta inachanika na wino unamwagika na kutia doa. Ukilegeza, herufi hazitoki, na akina mama wa kisomo cha watu wazima, ambao herufi zenyewe ndiyo kwanza wanazizoea, watasema mwalimu kaandika vibaya makusudi ili wafeli. Pale kijijini Umoja, mwaka ule wa sabini na tano, kila kitu kilikuwa makusudi. Mvua ikichelewa, makusudi. Lori likiwahi, makusudi. Watu walitolewa kwenye tembe zao wakapangwa mstari mmoja kama viti vya kanisani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeamini kitu kinachoshushwa kwenye gari.

Na yanga ilishushwa kwenye gari.

Magunia themanini yalikuwa ghalani siku ya tisa sasa. Mahindi ya njano, ya msaada, yametoka Marekani; nchi nzima ilikuwa ikiyaita yanga, na Umoja wakayaita hivyo hivyo. Njaa ilikuwepo, tena si ya kuhadithiwa. Watu walikuwa wanakula mlenda mtupu, wengine wanachimba mizizi. Lakini yanga hawakuigusa. Mara ni chakula cha nguruwe. Mara yametiwa dawa ya kufunga uzazi. Febronia, mwenyekiti wa darasa la kisomo, mama wa watoto saba na mdomo usiolala, alisema wazi mbele ya ghala: "Mtu hakujui, humjui, hata babu yake hamjui babu yako, halafu akupe chakula bure? Hebu niambieni, anataka nini?"

Kila mtu alikuwa anajiuliza hilo hilo.

Ndipo, jana yake jioni, Katibu alipomwita Isaka. Ndugu Bonifasi, katibu wa kata, hakuwa mwenyeji wa wilaya ile ya Iramba. Aliletwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa inamtisha. Alikuwa na kaunda suti mbili, ya kijivu na ya kahawia, na kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiandika.

"Mwalimu, wewe una kile kitabu cha mji wa Marekani," alisema.

Isaka alishtuka. Kijitabu kile alikiacha mchungaji mmoja Mmarekani aliyewahi kufundisha chuoni Kinampanda, Isaka akiwa mwanafunzi. Kilieleza mji wa kwao yule mchungaji, uko kando ya mto, na picha za madaraja na meli. Isaka alikiweka chini ya godoro. Katibu alijuaje?

"Nakijua," Katibu alisema, kana kwamba amesikia swali. "Andika habari za mji huo katika gazeti lako. Watu waone kwamba huko wanakaa binadamu, wanakula mahindi, hawajafa. Wasomee darasani. Wakiyala, mgeni wa wilaya akija nitakuwa na la kusema."

"Ndugu Katibu, lakini haya mahindi siyo lazima yatoke mji huo. Marekani ni kubwa."

"Nani atakwenda kuuliza?"

Katibu akasogea karibu, akapunguza sauti. "Na mama yako, yule aliyebaki kule mahame. Ukinisaidia hili, nitamwacha mpaka avune uwele wake. Operesheni ya kuhamisha watu itamruka."

Mahame! Mtu bado anapika humo, moshi unatoka, kuku wanataga, wewe umeshapaita mahame. Lakini Isaka alimeza. Mama yake, Dina, alikuwa na shamba la samadi ng'ambo ya korongo, shamba ambalo mume wake na baba mkwe wake walilitilia mavi ya ng'ombe miaka arobaini mpaka udongo ukawa mweusi. Uwele wake ulikuwa unafika kiunoni, baada ya mvua za kubahatisha. Huku Umoja aliandikiwa kiwanja cha udongo mwekundu ambao hata mchicha unaukataa. Miezi miwili na nusu tu, uwele ukomae. Ndicho Dina alichokuwa anaomba, na ndicho Isaka alichouzia kalamu yake.

Akaandika. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba habari ya mji huanza mwanzo, alianza mwanzo.

*

Saa tatu asubuhi darasa lilijaa. Lilikuwa banda la mabua nyuma ya ghala, mabenchi ya magogo, ubao uliopakwa mkaa. Dina naye alifika, ametembea maili tatu, miguu imejaa vumbi. Hakukosa kisomo hata siku moja, kwa sababu mwezi wa nane taifa zima litapimwa, naye alikuwa ameapa kufaulu kabla hajafa. Kusoma hasa alikuwa hajui bado. Alichojua ni kushika. Akina mama wale walikuwa na mtindo wao wa tangu utotoni: jambo likitamkwa mara tatu, limeingia, halitoki. Isaka alikwishamkuta mama yake anafuatisha mistari kwa kidole, anatamka ukurasa mzima bila kosa, na kitabu kiko juu chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tunasoma nini?"

"Mji."

Karatasi kumi na tano za gazeti la *Jembe Letu*, wino haujakauka vizuri, ziligawiwa. Isaka akasoma.

"Mji wa Roki Ailandi uko kando ya mto mkubwa uitwao Misisipi, katika jimbo la Ilinoi, Marekani. Wakazi wake ni kama elfu hamsini. Mji wa jirani hutengeneza majembe ya kukokotwa."

"Mto una maji saa hizi?" aliuliza mmoja.

"Haukauki mwaka mzima."

Wakacheka. Mto usiokauka! Isaka akaendelea na aya ya pili, ambayo aliiandika kwa mapenzi kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na ushahidi aliouhitaji.

"Kabla ya mji huo palikuwa na kijiji kikubwa cha wenyeji waitwao Wasauki. Wanawake wao walilima mahindi, maharage na maboga. Mahindi waliyala wenyewe na watoto wao. Wakati wa baridi walikwenda kuwinda. Mwaka mmoja waliporudi walikuta watu wengine wanakaa ndani ya nyumba zao, na mashamba yao yamezungushiwa ua. Wakaambiwa, ninyi mmeandikiwa ng'ambo ya mto. Mwaka 1831 askari walikuja, wenyeji wakavuka mto, na nyumba zao zikachomwa. Mwaka uliofuata mzee wao mmoja alirudi na watu wake, wake kwa watoto, wapate kupanda mahindi. Wengi waliuawa. Leo mji umemwekea mzee huyo sanamu."

Alipoinua macho, aliona hakuna anayecheka. Hata mtoto wa Febronia aliacha kunyonya. Isaka, maskini, alikuwa ameangalia neno *mahindi* peke yake, kama mtu anayetafuta sindano asione nyumba inaungua. Sasa aliisikia aya yake kwa masikio yao.

"Rudia hapo," alisema Dina.

"Mama, tuendelee, kuna habari za daraja la treni..."

"Mwalimu, rudia," alisema Febronia. "Sheria ya darasa ni mara tatu."

Ni kweli, ilikuwa sheria yake mwenyewe. Akarudia. Akarudia tena. Wanawake walikuwa wanatikisa midomo taratibu, wanashika.

"Hao akina mama," Febronia aliuliza mwishoni, "walipewa muda mpaka wavune?"

"Kijitabu hakisemi hivyo. Waliambiwa wasipande."

"Na mahindi waliyala?"

"Waliyala miaka na miaka."

Febronia akasimama, akajipangusa kanga. "Basi na mimi nayala. Mwenye msaada simwamini, hata leo simwamini. Lakini wanawake wenzangu waliofukuzwa hawawezi kunidanganya. Jamani, twendeni ghalani."

Wakaenda! Kabla ya saa tano foleni ilizunguka ghala, debe likapima, magunia yakaanza kufunguka na yale matupu kugawiwa. Isaka alisimama mlangoni asijue acheke au akimbie. Pembeni mwa foleni, Antipasi, mgambo wa kijiji, alikuwa ameshika karatasi ya *Jembe Letu* kwa mikono miwili, anaisoma polepole, midomo inacheza. Halafu akaikunja, akaelekea ofisini kwa Katibu.

*

"Nani alikutuma?"

Katibu alikuwa amefunga dirisha mchana kweupe. Karatasi ilikuwa mezani, aya ya pili imezungushiwa duara. Kumbe kalamu zile zilikuwa na wino.

"Wewe, Ndugu Katibu."

"Mimi nilikutuma uandike habari za watu kuchomewa nyumba? Mimi? Katika kata ambayo operesheni haijakwisha?"

"Ndivyo kijitabu kinavyosema. Nilitaka waone kwamba mahindi ni chakula cha watu. Na wameona, foleni ile pale."

"Usinifanye mtoto. 'Ninyi mmeandikiwa ng'ambo.' Haya ni maneno ya Marekani, au ni maneno yangu mimi niliyomwambia mama yako?" Akageuka kuangalia kama mlango umefungwa. Isaka aligundua kwa mshangao kwamba mtu huyu anaogopa. "Mgeni wa wilaya anakuja leo saa kumi kukagua kisomo. Leo! Akiisoma hii, nitaulizwa ni nani aliyeruhusu. Au ndivyo mlivyopanga, wewe na huyo mchungaji wako?"

"Mchungaji aliondoka miaka kumi iliyopita."

"Na barua hamwandikiani?"

"Hatuandikiani."

"Tutajua." Akamnyang'anya Isaka kijitabu alichokuja nacho, akakitia kwenye saraka ya meza, akafunga kwa ufunguo. "Sikiliza. Futa hiyo aya kwenye stensili. Chapa upya. Kusanya zote kumi na tano, moja moja, uniletee hapa. Ukifanya hivyo, neno langu kuhusu uwele liko pale pale. Usipofanya, lori liko Kiomboi wilayani, nalipigia simu sasa hivi."

Simu yenyewe haikuwa imelia tangu Krismasi, lakini hilo halikumsaidia Isaka. Aliona uwele wa mama yake, mashuke machanga yameanza kuchungulia. Aliona tembe. Akasema, "Ndiyo, Ndugu."

Dawa ya kufutia stensili ni nyekundu, inanuka kama rangi ya kucha, na inapakwa kwa brashi ndogo. Isaka alipaka neno kwa neno. Wanawake wao. Mahindi. Ua. Mzee wao mmoja. Alikuwa na nia ya kuandika kitu kingine juu yake, labda habari za meli iliyogonga lile daraja la treni siku kumi na nne tu baada ya kufunguliwa, lakini mkono ulimgomea. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akaacha wazi. Alipozungusha mashine, karatasi zilitoka na pengo jeupe katikati, upana wa vidole vinne.

Kisha akapita nyumba hadi nyumba akikusanya zile za kwanza. Watu walimpa bila ubishi, wakimtazama usoni. "Chukua mwalimu," alisema Febronia, anapepeta yanga. "Sisi hatukuwa na haja ya karatasi."

Hakuelewa alichomaanisha. Alipata kumi na nne. Ya kumi na tano alikuwa nayo Katibu mwenyewe. Saa nane na nusu alikuwa anavuka uwanja akiwa amezibana kwapani, akapishana na lori.

Lilitokea upande wa korongo. Juu yake walikuwemo mgambo vijana kutoka nje ya kijiji, vitanda viwili vya kamba, chungu, tenga la kuku, na katikati ya magunia, Dina, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuwa analima.

Isaka aliangusha karatasi zote.

"Mama!"

"Nimemkuta kijana huyu wa mgambo juu ya dari yangu, anang'oa boriti," alisema Dina akiteremka, hataki kushikwa mkono. Alizungumza Kinyiramba, haraka, chini kwa chini. "Nikamwambia, mwanangu ameniombea. Akasema yeye ana karatasi. Ile ya wiki iliyopita, Isaka. Wameniandikia tangu wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita?"

"Tarehe iko, nimeiona mwenyewe. Tarakimu nazijua."

Kabla ya mapatano. Kabla ya kijitabu, kabla ya yote. Isaka aligeuka kuitazama ofisi ya Katibu. Dirisha lilikuwa bado limefungwa.

"Na uwele?"

"Walipitisha lori juu yake wapate kugeuza." Dina akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Nilimlilia yule kijana, nakwambia. Nikamwambia niache nipakie chakula changu basi. Akanihurumia. Magunia sita amenibebea mgongoni kwake mwenyewe."

Mgambo walikuwa wanayashusha magunia, wanaguna kwa uzito. Yalikuwa magunia ya yanga, yale matupu waliyogawiwa asubuhi ile, na alama ya Marekani ya mikono iliyoshikana imechapwa ubavuni. Moja likapasuka. Kikamwagika kitu cheusi, kikavu, chenye harufu ambayo kila mtu pale aliijua.

"We bibi!" yule kijana alifoka. "Mavi?"

"Samadi," alisema Dina. "Chakula changu hicho. Nirundikie hapo kwenye hicho kiwanja chenu chekundu."

*

Saa kumi mgeni wa wilaya alifika na Landrova. Alikuwa bwana mpole, mchovu, miwani imeshuka puani, amekwisha kagua vijiji vinne siku hiyo. Alisifu ghala, alisifu foleni. "Kwingine wanatupa mahindi," alimwambia Katibu. "Hapa mmefanyaje?"

"Uhamasishaji, Ndugu," alisema Katibu, naye alikuwa amebadilisha suti, amevaa ya kahawia.

Darasani akina mama waliimba wimbo wa kumkaribisha. Isaka aligawa *Jembe Letu* mpya. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa wino mpaka kwenye viwiko, na moyo wake ulikuwa mweusi vilevile. Alikuwa anamchukia Katibu, na zaidi alikuwa anajichukia mwenyewe. Alimwona mama yake benchi la mbele, vumbi la dari yake mwenyewe bado liko nyweleni.

"Nani atanisomea?" mgeni aliuliza.

Katibu alimnyooshea Febronia kidole. Lakini Dina alikwisha simama.

"Mimi, bwana."

"Haya mama, soma."

Dina akashika karatasi mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Safari hii haikuwa juu chini. Alisoma kuhusu Misisipi na watu elfu hamsini na majembe, sauti yake imetulia, kidole kinatembea. Mgeni alifumba macho, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikafika kwenye pengo.

Isaka aliomba kimoyomoyo kwamba aruke. Kisha, hapo hapo, aliomba asiruke.

"Kabla ya mji huo," Dina alisema, na kidole kikaingia katika weupe, kikaendelea kutembea, kushoto kwenda kulia, kikirudi na kuanza mstari mwingine ambao haukuwepo, "palikuwa na kijiji kikubwa cha wenyeji waitwao Wasauki. Wanawake wao walilima mahindi, maharage na maboga."

Katibu alikuwa na nakala mkononi. Aliitazama, akamtazama Dina, akaitazama tena. Mdomo ulifunguka lakini atasema nini? Kwamba mama huyu anasoma kisichoandikwa? Akisema hivyo, ataulizwa ni nani aliyekifuta. Nyuma yake midomo ya akina mama wote ilikuwa inacheza pamoja na ya Dina, bila sauti.

"Wakaambiwa, ninyi mmeandikiwa ng'ambo ya mto. Mwaka elfu moja mia nane thelathini na moja askari walikuja, wenyeji wakavuka mto, na nyumba zao zikachomwa."

Alisoma mpaka sanamu. Hakukosa neno hata moja. Kidole kikatoka kwenye pengo, kikaanza habari za daraja, na hapo, kwenye maneno yaliyokuwepo, ndipo alipoanza kubabaika, kwa sababu asubuhi hawakufika huko.

Mgeni akapiga makofi hata hivyo. "Hongera sana mama! Umri huu! Ndugu Katibu, huyu mwezi wa nane atafaulu." Akanyoosha mkono. "Hebu na mimi niione hiyo habari. Ni nzuri, lakini nzito kidogo."

Dina akampa. Mgeni alisukuma miwani juu, akasoma, akageuza karatasi nyuma, akairudisha mbele. Makofi yalikuwa yamekwisha. Kuku wa Dina walikuwa wanalia nje ndani ya tenga.

"Mama, mbona hapa pako wazi?"

"Hapo walikuwepo watu, bwana," alisema Dina. "Wamehamishwa."

Mgeni hakucheka. Alimtazama, akamtazama Katibu, ambaye alikuwa anajipapasa kalamu zake moja moja kama anazihesabu. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

"Gazeti hili analiandika nani?"

Katibu akavuta pumzi kujibu. Isaka hakumngoja. Aliinua mkono wake wenye wino, kama alivyowafundisha akina mama kuinua, na akakaa hivyo mpaka aitwe.